Maarifa ya Figo na Njia ya Kurudi Ruponda

Tarehe 10 Oktoba 1917 majeshi ya Waingereza yaliingia Ruponda, Nachingwea, kusini mwa Tanzania ya leo, na kuiteka bohari ya chakula ya jeshi la Wajerumani. Siku chache baadaye, pande hizo mbili zilikutana Mahiwa katika pigano lililokuwa kali kuliko yote ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia huku kwetu. Wanahistoria wengi wanaoitaja Ruponda huitaja kwa ajili ya magunia yale ya nafaka, kisha husonga mbele. Hawaangalii sana upungufu wa kitu kingine kilichokuwa kikimsumbua Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, wakati huohuo, nacho ni kwinini. Amani, kule Usambara, ambako magome ya mkwinini yalikuwa yakitengenezwa dawa, ilikuwa imeshatekwa mwaka 1916, na jeshi lililorudi nyuma kuelekea kusini lilikuwa likichemsha magome na kunywa maji yake machungu, leo yapo, kesho hayapo. Kunywa kwinini kwa kurukaruka namna hiyo, mwilini mkiwa na malaria, ndiko kulikoandamana na ugonjwa uliowatisha Wazungu wa koloni kuliko homa yenyewe: homa ya mkojo mweusi. Chembe nyekundu za damu hupasuka kwa wingi ndani ya mishipa, rangi yake ikamwagika na kuingia katika vijifereji vya figo, figo zikaziba, mkojo ukageuka mwekundu wa kuiva, kisha mweusi, kisha ukakoma. Mgonjwa aliyefikia hatua ya kukoma mkojo kwa kawaida hakupona. Huu ulikuwa ugonjwa wa figo, hata kama vitabu viliuweka katika sura ya homa.

Elimu juu ya ugonjwa huo ilichumwa hapahapa Afrika Mashariki. Robert Koch alifika Dar es Salaam mwaka 1897, akakaa hadi mwaka uliofuata akiwachunguza wagonjwa wa mkojo mweusi, na akafikia hitimisho lililozua ubishi wa miaka mingi, kwamba chanzo chake ni sumu ya kwinini yenyewe. Alichapisha taarifa zake Berlin mwaka 1898. Madaktari wa kikoloni waliomfuata walikuwa na jarida lao la tiba ya nchi za joto, lililoanza kutoka Kassel mwaka 1897, wakaendelea kubishana humo. Upande wa Waingereza, J. W. W. Stephens aliukusanya ubishi wote katika kitabu kikubwa kilichotoka Liverpool mwaka 1937. Ukipima mkondo wa maarifa hayo kwa ramani, unauona ukitiririka upande mmoja tu: damu na mkojo vinapimwa Dar es Salaam, Tanga na kusini, karatasi zinasomwa Berlin, Hamburg, London na Liverpool. Hoja ninayotaka kuijenga hapa ni kwamba mkondo huo haukubadilika wakoloni walipoondoka, kwa sababu ulikuwa umejengwa ndani ya namna ya kuchapisha. Na kwamba kuuvunja, kwa kile kinachoitwa leo uchapishaji huria, yaani kila mtu kuweza kusoma utafiti bila kulipa, kuna uzito mkubwa zaidi kwa mganga wa zahanati ya Ruponda kuliko kwa profesa wa hospitali kubwa ya Boston, na zaidi ya popote katika jambo la figo.

Mtu anaweza kusema kwamba hoja hii inaibebesha historia mzigo usio wake. Mwaka 1898, au 1917, nani Ruponda angelisoma Kijerumani cha Koch? Mpagazi aliyebeba magunia yale hakuhitaji jarida, alihitaji kula na kulala. Ni kweli, na sitaki kudai kwamba karatasi ingemwokoa. Lakini pingamizi hilo lina uhai mfupi. Ilipofika miaka ya 1950 kusini kulikuwa na wasomaji. Hospitali za misheni za Ndanda, Nyangao, Lulindi na Mnero zilikuwa na waganga wasaidizi na wauguzi Waafrika waliofunzwa kazi, waliosoma, walioandika kumbukumbu za wagonjwa kila siku. Mnero, ndani ya Nachingwea, alikuwapo Leader Stirling, daktari Mwingereza aliyekuja na misheni ya Kianglikana mwaka 1935, akahamia kwa Wabenediktini Mnero mwaka 1949, na hatimaye akawa Waziri wa Afya wa Tanzania kuanzia 1975 hadi 1980. Mpango wa Waingereza wa kulima karanga ulikuwa umeiletea Nachingwea matrekta, reli na wataalamu wa kila aina. Kwa hiyo wasomaji walikuwapo, na kazi ya utafiti ilikuwapo. Kilichokosekana ni maandishi kuwafikia wale yaliowahusu.

Chukua mfano unaojulikana zaidi. Mwaka 1952 na 1953 ugonjwa mpya wa homa na maumivu ya viungo ulizuka katika Jimbo la Kusini, kwenye uwanda wa Wamakonde. Marion Robinson na W. H. R. Lumsden waliuchunguza, na taarifa zao mbili zikatoka mwaka 1955 katika jarida la Chama cha Kifalme cha Tiba ya Nchi za Joto, London. Dunia nzima leo inauita chikungunya, kwa neno la Kimakonde. Taarifa hizo za kwanza, zilizotokana na miili ya watu wa Newala na jirani zake, mpaka leo zimo katika hifadhi ya jarida ambalo msomaji asiye na usajili huombwa alipe kabla ya kufunguliwa ukurasa. Chikungunya si ugonjwa wa figo, nimeuleta kwa sababu unaonyesha desturi ilivyokuwa. Sasa nirudi kwenye figo, ambako ushahidi ni wa karibu zaidi na unauma zaidi.

Kichocho cha mkojo ni ugonjwa wa Lindi na Mtwara tangu zamani. Minyoo yake hukaa katika mishipa ya damu kuzunguka kibofu, mayai yake hupenya ukuta wa kibofu na wa mirija ya mkojo, mtoto akakojoa damu. Vijijini damu hiyo imezoeleka kiasi kwamba mzazi haoni haja ya kumpeleka mtoto zahanati kwa ajili yake. Lililokuwa halijulikani vizuri hadi miaka ya 1960 ni kinachoendelea juu ya kibofu. Hapo ndipo watafiti Forsyth na Macdonald walipofanya kazi yao kwa watoto wa shule: Usagara, mkoani Tanga, taarifa ikatoka mwaka 1965, na Donge, Unguja, taarifa ikatoka mwaka 1966. Waliwadunga watoto dawa inayoonekana kwenye eksirei, wakaifuata ikishuka kutoka kwenye figo, na wakaona katika picha kile ambacho jicho la mwalimu darasani halikuweza kukiona: mirija iliyopinda na kupanuka, vibofu vilivyoanza kuwa na chokaa, figo zilizovimba kwa mkojo usiopita. Hawa walikuwa watoto wanaocheza mpira na kusoma, si wagonjwa waliolazwa. Maana yake ilikuwa nzito: kichocho hakikuwa usumbufu wa utotoni tu, kilikuwa kinaharibu figo kimyakimya katika umri wa shule.

Taarifa hizo mbili zilichapishwa katika jarida lilelile la London lililobeba chikungunya. Lakini mwaka huohuo wa 1966 Forsyth, safari hii pamoja na David Bradley, alichapisha kazi nyingine kuhusu madhara ya kichocho kaskazini-magharibi mwa Tanzania, na hiyo ikatoka katika jarida la Shirika la Afya Duniani. Kazi hiyo leo anaweza kuisoma yeyote mwenye simu, yote, bila kulipa senti. Mtafiti ni yuleyule, nchi ni ileile, ugonjwa uleule, miaka ileile. Kilichotofautiana ni nyumba iliyochapisha. Sijui ushahidi ulio wazi zaidi ya huu kwamba kufungwa kwa maarifa hakutokani na asili ya maarifa. Hakuna aliyekaa akaamua kwamba watoto wa Mwanza wanastahili kusomewa na wote na wale wa Donge wasomewe na wenye fedha. Ilitokea tu, na ikaachwa hivyo kwa zaidi ya nusu karne. Hiyo ndiyo inayonikera: hatima ya picha za figo za watoto wetu iliamuliwa na anwani kwenye bahasha ya mwandishi.

Hapa pana pingamizi ninaloliheshimu, na husemwa na madaktari wenyewe. Wanasema: ugonjwa wa figo ni wa mashine na upasuaji. Upandikizaji wa kwanza wa figo nchini ulifanyika Muhimbili Novemba 2017, kwa msaada wa madaktari kutoka India, na Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ikafuata Machi 2018 kwa msaada wa Wajapani. Kabla ya hapo mgonjwa aliyehitaji figo alipelekwa India, kama alikuwa na bahati ya kupata nafasi. Kusafisha damu kwa mashine kunahitaji maji safi, umeme usiokatika na fedha nyingi kila wiki. Basi makala ya figo itamsaidia nini mganga wa Ruponda asiye na lolote kati ya hayo? Mimi naona ni kinyume chake kabisa. Kwa sababu mashine iko mbali na ni ghali, kazi yote yenye maana kwa figo za watu wa Ruponda hufanyika kabla ya mashine, na kazi hiyo ni ya maarifa. Ni kutumbukiza kijiti kwenye mkojo na kujua rangi gani ina maana gani. Ni kupima shinikizo la damu la mtu aliyekuja kwa kikohozi. Ni kumpa mtoto dawa ya kichocho kabla mrija haujapinda. Ni kumwonya mkulima anayekula diklofenaki kila jioni kwa ajili ya mgongo. Ni kukumbuka kwamba tenofovir, iliyomo katika kidonge kinachotolewa na kliniki za VVU kote nchini, inataka figo ziangaliwe. Figo hupotelea katika ngazi ya zahanati. Muhimbili hupelekewa zilizokwisha kupotea.

Tena maarifa hayo hubadilika, na hubadilika kwa ushahidi wa Waafrika. Utafiti uliofanywa katika jamii mkoani Kilimanjaro na kuchapishwa mwaka 2015 katika jarida huria uliwakuta watu wazima 7 katika kila 100 wakiwa na ugonjwa sugu wa figo. Mjini ilikuwa asilimia 15.2, vijijini asilimia 2.0, na wengi wa waliokuwa nao hawakuwa wakijua. Mwaka 2022 watafiti waliopima uchujaji wa figo kwa njia ya uhakika huko Malawi, Uganda na Afrika Kusini walichapisha matokeo katika jarida la Lancet Global Health, ambalo ni huria tangu lilipoanza. Walionyesha kwamba hesabu zinazotumika duniani kukadiria uchujaji kutokana na kreatinini huwapa Waafrika namba kubwa kuliko hali halisi, na kwamba kile kizidisho kilichowekwa Marekani kwa ajili ya watu weusi, ambacho katika hesabu ya mwaka 2009 kilikuwa 1.159, kiliharibu zaidi badala ya kutengeneza. Kwa lugha ya chumba cha daktari: mgonjwa ameambiwa figo zake ni nzima ilhali zimeshaanza kushuka, na dozi ya dawa imepangwa kwa uongo huo. Madaktari wa Nachingwea waliofunzwa kwa hesabu ya zamani wanahitaji kuliona hili leo, si litakapoingia katika toleo jipya la mwongozo miaka kadhaa baadaye. Na wanaweza kuliona, kwa sababu mlango uko wazi.

Yapo maelezo mengine ya kujitetea kutoka kwa wachapishaji: kwamba nchi maskini zilishafunguliwa mlango wake. Mwaka 2002, mwaka uleule wa Azimio la Budapest lililoupa uchapishaji huria jina na maana, Shirika la Afya Duniani na wachapishaji wakubwa walianzisha mpango wa HINARI, ulioziwezesha taasisi za nchi maskini, Tanzania ikiwemo, kusoma maelfu ya majarida ya tiba bure au kwa bei ndogo. Mpango huo ulisaidia kweli. Wanafunzi wengi wa udaktari wa Muhimbili, Bugando na KCMC waliandika tasnifu zao kwa msaada wake, na itakuwa utovu wa shukrani kuubeza. Lakini uangalie ulivyojengwa. Ni wa taasisi iliyosajiliwa yenye nywila, maana yake chuo, wizara, hospitali yenye maktaba na mtu wa kuisimamia. Ofisa tabibu wa zahanati anayesoma kwenye simu yake kwa bando alilonunua mwenyewe hayumo, isipokuwa mtu amempa nywila kwa upendo. Na ulitegemea hisani: Januari 2011 wachapishaji kadhaa waliiondoa Bangladesh ghafla, wakairudisha baada ya madaktari kupiga kelele katika majarida yaleyale. Kinachotolewa kwa hisani huondolewa kwa barua moja. Kilichochapishwa kwa leseni huria hakiondoleki.

Kwamba wilaya zenyewe hizi za Nachingwea na Ruangwa zimeonja tofauti hiyo, ushahidi upo. Kuanzia mwaka 2004 Taasisi ya Afya Ifakara na washirika wake walifanya utafiti mkubwa wa afya na uhai wa watoto katika wilaya tano za kusini: Nachingwea, Ruangwa, Lindi Vijijini, Tandahimba na Newala. Kaya baada ya kaya ziliulizwa juu ya vifo, homa, vyandarua, umbali wa zahanati, nani mwenye baiskeli na nani hana. Matokeo makuu yalichapishwa mwaka 2008 katika BMC Public Health, jarida huria. Si utafiti wa figo, lakini ndio unaoonyesha kilichobadilika kati ya Robinson na kizazi hiki: kwa mara ya kwanza, mganga mkuu wa wilaya, diwani, mwalimu wa sekondari ya Ruponda, au mtoto wa kaya iliyohojiwa ambaye sasa ni mtu mzima, anaweza kusoma kile kilichoandikwa juu ya kwao sawasawa na anavyosoma mtu wa Geneva. Katika figo nako mambo yamekwenda upande huo. BMC Nephrology lilianza mwaka 2000 likiwa huria tangu siku ya kwanza, na chama cha kimataifa cha madaktari wa figo, kilichoanzishwa mwaka 1960, kiliongeza jarida lake huria, Kidney International Reports, mwaka 2016.

Pingamizi zito kuliko yote linatoka kwetu. Majarida mengi huria yameondoa malipo kwa msomaji na kuyahamishia kwa mwandishi, na mara nyingi ni zaidi ya dola 2,000 kwa makala moja. Mtafiti wa Dar es Salaam anasamehewa kwa sababu nchi yake ni maskini, lakini Julai 2020 Benki ya Dunia iliipandisha Tanzania kutoka kundi la kipato cha chini kwenda kipato cha kati cha chini, na kupanda huko, ambako kulishangiliwa redioni, kunaweza kumfanya mtafiti asiye na ruzuku adaiwe nusu ya bei pale aliposamehewa yote. Tukiishia hapo, tumefungua mlango wa kusoma na kufunga wa kuandika: watu wa kusini watasoma bure yaliyoandikwa na wengine juu yao. Sikubali kwamba hilo ni hoja dhidi ya uhuria wenyewe. Ni hoja dhidi ya kumwachia mfanyabiashara aupangie bei. Brazil ilitangulia. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 nchi hiyo imekuwa ikiendesha SciELO, hifadhi ya majarida huria inayolipiwa kwa fedha za umma, na jarida la chama chao cha madaktari wa figo limo humo, makala zikitolewa kwa Kireno na kwa Kiingereza. Daktari wa mji mdogo wa Brazil husoma juu ya figo kwa lugha anayoongea na mgonjwa wake. Taasisi yetu ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1979, ina jarida lake. Vyuo vyetu vya tiba vina yao. Kuyafadhili vizuri yasidai mwandishi wala msomaji ni gharama ndogo ukilinganisha na gharama ya kusafirisha wagonjwa India.

Na lugha ni sehemu ya kufungua, kwa sababu makala iliyo huria kwa Kiingereza cha kitaalamu bado imefungwa nusu kwa muuguzi na kabisa kwa mgonjwa. Jambo hili si geni nchini. Kitabu cha David Werner kilipofasiriwa kuwa Mahali Pasipo na Daktari, kilikuja na ruhusa ambayo waandishi wake waliiweka tangu miaka ya 1970, kabla intaneti haijafikiriwa vijijini: nakili sehemu yoyote, mradi usiuze kwa faida. Nakala zake zilizochakaa zimefanya kazi katika zahanati nyingi kuliko jarida lolote la London. Hakuna sababu ya utafiti unaofanywa kwa mkojo wa watoto wa Ruponda kutoka bila ukurasa mmoja wa Kiswahili ndani ya makala yenyewe, wenye leseni ileile. Kamati za maadili zinazotoa vibali zinaweza kulidai hilo kesho asubuhi kama sharti, kama zinavyodai fomu ya ridhaa kwa Kiswahili kabla mtu hajachomwa sindano. Zile taarifa za Usagara na Donge nazo hazihitaji fedha mpya wala utafiti mpya ili zifunguliwe. Zinahitaji chama kilichozichapisha kukubali kwamba mauzo ya kurasa za miaka ya 1960 hayawezi kuwa na thamani kubwa kuliko watoto waliopigwa picha zile, ambao walio hai sasa wamepita miaka 60 na wengine wanaingia zahanati na miguu iliyovimba.